Umiliki wa ndege ndogo binafsi: bei ya ununuzi ni mwanzo tu wa gharama

Na Mwandishi Wetu

Tanzania ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 945,000, na katika eneo hilo kubwa zipo hifadhi, visiwa, migodi na mashamba yaliyo mbali na miji mikuu. Kwa sababu hiyo ndege ndogo zimekuwa na nafasi yake katika maisha ya Afrika Mashariki kwa miongo mingi. Mwaka 1957 ilianzishwa jijini Nairobi huduma ya madaktari wa ndege ambayo baadaye ilikua na kuwa AMREF. Mwaka 1958 mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, Bernhard Grzimek, na mwanawe Michael walitumia ndege ndogo aina ya Dornier Do 27, iliyopakwa milia ya pundamilia, kuhesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi, ikaanguka, na Michael akapoteza maisha.

Mifano hiyo inaonesha manufaa ya ndege ndogo na pia uzito wa dhamana anayoibeba mwenye nayo. Leo wapo wafanyabiashara, wakulima wakubwa, wamiliki wa kambi za watalii na wataalamu wanaofikiria kumiliki ndege ya injini moja ili kuokoa muda wa safari. Swali la kwanza wanalouliza kwa kawaida ni bei ya kununua. Ni swali la haki, lakini jibu lake haliwezi kumfikisha mtu kwenye uamuzi sahihi, kwa kuwa sehemu kubwa ya gharama huja baada ya ndege kununuliwa, na huendelea kuja hata siku ambazo ndege haikuruka.

Makala haya yanaeleza gharama hizo moja baada ya nyingine, kwa kutumia mfano wa ndege inayofahamika zaidi katika kundi hilo, Cessna 172.

Ndege yenyewe na bei yake

Cessna 172 ni ndege ya viti vinne, yenye injini moja ya pistoni na pangaboi moja. Iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1955, na tangu hapo zimetengenezwa zaidi ya 44,000, idadi ambayo haijafikiwa na aina nyingine yoyote ya ndege. Vyuo vingi vya urubani duniani hufundishia ndege hii, na kwa sababu hiyo mafundi wanaoifahamu ni wengi na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi kuliko vya ndege nyingi nyingine ndogo.

Bei ya Cessna 172 mpya kutoka kiwandani imepita dola za Marekani 400,000. Wengi hushangaa kusikia kuwa ndege yenye injini ya nguvu farasi 180 inauzwa kwa bei ya nyumba kadhaa. Sababu ni kwamba ndege hizi hutengenezwa chache kwa mwaka, kila kipuri hupitia uthibitisho mkali wa usalama, na mtengenezaji hubeba dhima ya kisheria kwa muda mrefu baada ya kuuza. Dhima hiyo iliwahi kuwa nzito kiasi kwamba mwaka 1986 kampuni ya Cessna ilisitisha kutengeneza ndege zake zote za injini za pistoni. Utengenezaji ulirejea katikati ya miaka ya 1990, baada ya Marekani kutunga sheria mwaka 1994 iliyoweka ukomo wa miaka 18 wa kumshtaki mtengenezaji wa ndege ndogo.

Historia hiyo inamhusu mnunuzi wa leo moja kwa moja. Kwa kuwa kwa takribani miaka kumi hazikutengenezwa ndege za aina hiyo, soko la ndege zilizotumika limegawanyika katika makundi mawili: zile za baada ya mwaka 1996, ambazo bei yake bado ni kubwa, na zile za miaka ya 1960 hadi 1980, ambazo zinaweza kupatikana kwa robo au theluthi ya bei ya ndege mpya. Kundi la pili ndilo linalowavutia wengi, na ndilo linalohitaji uangalifu zaidi. Wahenga walisema rahisi huwa ghali.

Kabla ya kulipa

Ndege iliyotumika hainunuliwi kwa kutazama rangi na viti. Hatua ya kwanza ni kukagua vitabu vya kumbukumbu vya bodi, injini na pangaboi, ambamo kila saa ya kuruka, kila tengenezo na kila ajali inapaswa kuandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa ndege methali hiyo ina maana halisi: ndege ambayo kumbukumbu zake zimepotea hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, kwa kuwa hakuna awezaye kuthibitisha kuwa matengenezo ya lazima yalifanyika.

Hatua ya pili ni kumwajiri mhandisi wa ndege mwenye leseni, asiye na uhusiano na muuzaji, ili aikague kabla ya malipo. Mhandisi huyo hupima mgandamizo wa silinda, hukata chujio la oili kutafuta chembe za chuma, hukagua kutu ndani ya mabawa, na kuhakikisha kuwa maagizo yote ya usalama yaliyotolewa kwa aina hiyo ya ndege yametekelezwa. Kutu inastahili kutazamwa kwa makini hasa kwa ndege iliyokaa ukanda wa Pwani, kwa kuwa hewa ya bahari yenye chumvi hula bati la alumini polepole bila kuonekana kwa nje.

Hatua ya tatu ni kuuliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) kuhusu masharti ya kuingiza na kusajili ndege ya aina na umri uliokusudiwa. Ndege iliyosajiliwa nchini hubeba alama inayoanza na 5H. Ndege inayotoka nje ni lazima kwanza ifutwe katika daftari la usajili la nchi inayotoka, kwa kuwa sheria za kimataifa haziruhusu ndege kusajiliwa katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Baada ya hapo hukaguliwa ili ipewe cheti cha ubora wa kuruka. Mnunuzi aliyelipa kabla ya kuuliza anaweza kujikuta na ndege isiyosajilika.

Hatua ya nne ni kodi. Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani Tanzania Bara ni asilimia 18, na masharti ya misamaha na ushuru wa forodha hupitiwa kila mwaka katika bajeti ya Serikali na katika vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Matumizi binafsi na matumizi ya biashara ya usafirishaji hayatendewi sawa. Ni busara kupata maelezo ya maandishi kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla ya kusaini mkataba, kwa kuwa tofauti ya asilimia 18 katika ndege ya dola 120,000 ni dola 21,600.

Mwisho ni gharama ya kuifikisha nchini. Ndege inayonunuliwa Afrika Kusini inaweza kurushwa hadi Dar es Salaam, umbali wa takribani kilomita 2,500, kwa kutua njiani kujaza mafuta. Inayonunuliwa Marekani kwa kawaida huondolewa mabawa na kusafirishwa kwa meli ndani ya kontena, kisha huunganishwa upya na kukaguliwa. Njia zote mbili zina gharama za rubani au usafirishaji, bima ya safari, vibali na kazi ya mafundi.

Gharama zisizojali kama ndege imeruka

Baada ya ndege kufika, gharama zake hugawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la gharama za kudumu, ambazo mmiliki hulipa hata kama ndege haikutoka bandani mwaka mzima.

Katika kundi hili kuna bima. Bima ya ndege ina sehemu kuu mbili: ile inayofidia uharibifu wa ndege yenyewe, ambayo hukokotolewa kwa asilimia ya thamani yake, na ile inayolinda abiria na watu walio ardhini. Kampuni za bima hutazama pia uzoefu wa rubani. Rubani mwenye saa chache hulipa zaidi, na wakati mwingine hutakiwa kuruka na mkufunzi kwa muda kabla ya kuruhusiwa kuwa peke yake.

Kuna maegesho. Ndege inayokaa juani na mvuani huharibika rangi, vioo, matairi na vifaa vya umeme, hivyo banda ni kinga yenye faida ya muda mrefu ingawa lina kodi ya kila mwezi. Kuna pia ukaguzi wa kila mwaka unaohitajika ili cheti cha ubora wa kuruka kihuishwe. Katika ukaguzi huo ndege hufunguliwa paneli zake, na gharama haitokani na ukaguzi pekee bali na kile kinachogundulika. Mmiliki wa ndege kongwe anapaswa kutarajia kuwa karibu kila ukaguzi utaleta orodha ya vitu vya kubadilisha.

Kuna vilevile leseni ya rubani. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) limeweka saa 40 za kuruka kuwa kiwango cha chini cha kawaida cha kupata leseni ya rubani binafsi, na wanafunzi wengi huhitaji zaidi ya hapo. Baada ya kupata leseni, rubani hupimwa afya kwa vipindi vinavyopungua kadiri umri unavyoongezeka, na hutakiwa kuendelea kuruka mara kwa mara ili aruhusiwe kubeba abiria. Asiyetaka kuwa rubani atalazimika kumlipa rubani, na hiyo ni gharama nyingine ya kudumu.

Gharama zinazofuata saa za kuruka

Kundi la pili huongezeka kadiri ndege inavyoruka. Kubwa kuliko zote ni mafuta. Cessna 172 hutumia takribani lita 35 kwa saa. Hata hivyo, haitumii mafuta ya Jet A-1 yanayotumiwa na ndege za abiria, bali petroli ya ndege aina ya Avgas 100LL. Jet A-1 hupatikana katika viwanja vingi kwa sababu wateja wake ni wengi. Avgas ina wateja wachache, bei yake kwa lita huwa juu zaidi, na katika viwanja vingi vya mikoani haipo kabisa. Safari ya kwenda mahali pasipo na mafuta hayo inamaanisha kubeba mafuta ya kurudia, au kupeleka mapipa mapema kwa gari.

Hii ndiyo sababu moja inayoyafanya makampuni ya utalii katika ukanda huu kupendelea Cessna 208 Caravan, ambayo injini yake hutumia Jet A-1. Ndege hiyo hata hivyo ni ya daraja lingine la bei na matengenezo. Zipo pia ndege ndogo za kisasa zenye injini za dizeli zinazotumia Jet A-1, kama Diamond DA40 NG. Mnunuzi anayeziwazia anapaswa kwanza kujua kama kuna mafundi walioidhinishwa kuzihudumia karibu naye. Kwa miaka mingi Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi umekuwa kitovu cha huduma za ndege ndogo katika ukanda huu, na kupeleka ndege huko kwa matengenezo nako kuna gharama ya safari.

Baada ya mafuta kuna oili, matairi, breki, betri na huduma za kila baada ya saa 50 na saa 100. Kuna pia tozo za kutua na za maegesho katika viwanja vya ndege, ambazo kwa kawaida hutegemea uzito wa ndege, pamoja na ada za kutua katika viwanja vilivyo ndani ya hifadhi na vya watu binafsi.

Injini ina saa na ina miaka

Gharama inayosahaulika zaidi ni ukarabati mkubwa wa injini. Kampuni ya Lycoming, inayotengeneza injini ya Cessna 172 ya sasa, imeweka ukomo wa saa 2,000 za kuruka au miaka 12, chochote kitakachotangulia. Ukomo huo ukifika, injini hushushwa, hufunguliwa yote na kurejeshwa katika hali iliyothibitishwa.

Watu wengi hukumbuka saa 2,000 na kusahau miaka 12. Tuchukulie kwa ajili ya hesabu kuwa ukarabati huo, pamoja na usafirishaji wa injini, ni dola 40,000. Gharama hiyo ikigawanywa kwa saa 2,000 ni dola 20 kwa saa. Lakini mmiliki anayeruka saa 50 kwa mwaka atakuwa ameruka saa 600 tu miaka 12 itakapotimia. Kwake, injini haigharimu dola 20 kwa saa bali zaidi ya dola 66.

Isitoshe, injini isiyoruka haipumziki. Katika injini za Lycoming, shafti inayofungua vali ipo sehemu ya juu, na injini ikizimwa oili hushuka na kuiacha wazi kwa unyevu. Wiki nyingi bila kuruka huanzisha kutu, na kutu hiyo huweza kuharibu shafti kabla ya injini kufikia hata nusu ya saa zake. Ndiyo maana ndege ya miaka 20 yenye saa chache sana si lazima iwe bahati njema kwa mnunuzi.

Mfano wa hesabu

Hesabu ifuatayo ni mfano wa kufundishia tu, na kila mnunuzi anapaswa kuweka bei halisi za wakati wake na za mahali pake. Imefanywa kwa dola kwa sababu ndege na vipuri huuzwa kwa fedha hiyo katika soko la kimataifa. Huduma zinazotolewa nchini hulipwa kwa shilingi, kwa mujibu wa kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za mwaka 2025.

Tuchukulie Cessna 172 iliyotumika, ya thamani ya dola 120,000. Gharama zake za kudumu kwa mwaka ni hizi: bima dola 4,500, banda dola 3,600, ukaguzi wa mwaka na marekebisho yake dola 5,000, ada, ramani, vipimo vya afya na mafunzo ya kujikumbusha dola 1,900. Jumla ni dola 15,000. Akiba ya injini, kwa kugawanya dola 40,000 kwa miaka 12, ni takribani dola 3,300. Hivyo kabla ndege haijawashwa, mwaka umekwisha kugharimu dola 18,300.

Kwa kila saa ya kuruka, mafuta lita 35 kwa bei ya mfano ya dola 2.5 kwa lita ni dola 87.5, oili, matairi na huduma ndogo dola 20, tozo dola 12.5. Jumla ni dola 120.

Mmiliki anayeruka saa 25 kwa mwaka atatumia dola 21,300, sawa na dola 852 kwa saa. Anayeruka saa 50 atatumia dola 24,300, sawa na dola 486 kwa saa. Anayeruka saa 100 atatumia dola 30,300, sawa na dola 303 kwa saa. Anayeruka saa 200 atafikisha saa 2,000 za injini katika miaka 10, hivyo akiba yake ya injini itapanda hadi dola 4,000 kwa mwaka. Jumla yake ni dola 43,000, sawa na dola 215 kwa saa.

Ndege ni ileile na rubani ni yuleyule. Kilichobadilisha gharama ya saa moja kutoka dola 852 hadi dola 215 ni matumizi. Na hesabu hiyo haijagusa dola 120,000 za ununuzi, ambazo kama zingewekezwa, kwa mfano katika hati fungani za Serikali, zingeleta riba kila mwaka.

Safari ya kwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Dodoma inasaidia kuona maana ya takwimu hizo. Umbali wa moja kwa moja ni karibu kilomita 390, ambao Cessna 172 huuruka kwa takribani saa mbili. Kwa mmiliki anayeruka saa 100 kwa mwaka, safari nzima ya saa nne ni zaidi ya dola 1,200. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyoanza safari kati ya miji hiyo mwaka 2024, hutumia muda usiofika saa nne kwa njia moja na haisimami kwa sababu ya mawingu. Katika njia kama hiyo ndege ndogo haina hoja ya kiuchumi. Hoja yake ipo kwenye njia zisizo na reli wala ndege za ratiba, ambako safari ya siku nzima ya gari huwa ya saa moja na nusu.

Viti vinne si abiria wanne

Kabla ya kuhesabu faida ya muda, mmiliki anapaswa kujua pia ndege yake inabeba nini. Cessna 172 ya kisasa ina uzito wa juu wa kuruka wa takribani kilo 1,157, na uwezo wake wa kubeba watu, mizigo na mafuta kwa pamoja ni karibu kilo 400. Matangi yakijazwa, mafuta pekee huchukua takribani kilo 144. Kinachobaki ni karibu kilo 256, yaani watu wazima watatu na mizigo myepesi.

Joto na mwinuko hupunguza uwezo huo zaidi. Uwanja wa Dodoma upo takribani mita 1,119 juu ya usawa wa bahari. Siku yenye nyuzi joto 30, hewa ya hapo huwa nyepesi sawa na ile ya mwinuko wa takribani mita 1,900 katika hali ya kawaida. Injini hupata hewa kidogo, mabawa hupata nguvu kidogo ya kuinua, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili kupaa. Mmiliki aliyenunua ndege ndogo ili kupunguza gharama, kisha akaijaza kama gari la abiria, amehamisha gharama hiyo kutoka mfukoni kwenda kwenye uhai wa watu.

Kubeba abiria kwa malipo

Wamiliki wengine hufikiri kuwa gharama zitapungua kwa kubeba abiria wachache wanaolipa. Hapa sheria iko wazi. Ndege iliyosajiliwa kwa matumizi binafsi hairuhusiwi kubeba watu au mizigo kwa malipo. Huduma hiyo inahitaji leseni ya huduma za usafiri wa anga na cheti cha mwendeshaji wa ndege kutoka TCAA, rubani mwenye leseni ya biashara, na mfumo wa matengenezo na usalama unaokaguliwa.

Anayekiuka masharti hayo hukabiliwa na adhabu ya kisheria. Zaidi ya hapo, bima ya matumizi binafsi huweza kukataa kulipa fidia pindi inapobainika kuwa safari ilikuwa ya malipo. Abiria aliyelipia nafasi katika ndege ya namna hiyo huenda akaumia bila familia yake kupata fidia yoyote. Mwananchi anayekodi ndege ana haki ya kuuliza kama mwendeshaji ana cheti halali kabla ya kupanda.

Kukodi, ubia au kumiliki

Kutokana na hesabu zilizotangulia, zipo njia tatu. Anayetarajia kuruka chini ya saa 50 kwa mwaka kwa kawaida hufaidika zaidi kwa kukodi ndege ya klabu au chuo cha urubani, kwa kuwa gharama za kudumu hugawanywa kwa watumiaji wengi.

Anayeruka kati ya saa 50 na 100 anaweza kufikiria ubia. Wabia wanne wanaoruka saa 50 kila mmoja wataifikisha ndege saa 200 kwa mwaka. Kwa mfano wetu, kila mmoja atalipa dola 10,750 kwa mwaka badala ya dola 24,300 ambazo angelipa peke yake, na injini itakuwa na afya zaidi kwa kuwa inaruka kila wiki. Mkataba wa ubia uandikwe na mwanasheria, ueleze akiba ya injini itakavyochangwa na kutunzwa, nani atalipa sehemu ya hasara isiyofidiwa na bima, namna ya kupanga siku za kutumia ndege, na utaratibu wa mbia kujitoa. Majina ya marubani wote yawe ndani ya bima.

Anayeruka zaidi ya saa 100, kwa njia ambazo hakuna usafiri mwingine wa haraka, ndiye mwenye hoja ya kumiliki peke yake.

Katika kila njia kanuni ni moja. Mnunuzi asitumie fedha zake zote kununua ndege. Abakize akiba ya angalau gharama za mwaka mzima, na afungue akaunti ya injini siku ya kwanza, si siku injini itakapofikia ukomo wake. Kwenye gari, tengenezo lililoahirishwa humwacha mtu kando ya barabara akisubiri fundi. Angani hakuna mahali pa kusimama kando, na kwa hiyo asiyeweza kugharimia matengenezo ya ndege kwa wakati bado hana uwezo wa kuimiliki, hata kama bei ya kuinunua anayo mkononi.